Mikono Iliyorudisha Ufunguo

Polisi wa mapokezi alikwisha kumwambia mara mbili kwamba mtu mzima akihama si kesi, lakini mwanamke yule hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba magotini, na kila mlango ulipofunguliwa aliinua uso.

Sajenti Asmahani wa idara ya upelelezi alipita akienda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta vile vile.

"Huyu ana shida gani?" aliuliza.

"Mama wa shirika la nyumba, afande. Anasema mpangaji wake kapotea. Na huyo mpangaji mwenyewe ndiye aliyemrudishia ufunguo, mkononi kabisa."

"Sasa kapotea vipi?"

"Ndilo ninalomuuliza na mimi."

Asmahani aliweka kikombe chake juu ya kaunta, akaenda kukaa pembeni ya yule mwanamke. Siku hiyo hakuvaa sare. Alikuwa na baibui jeusi na mtandio wa kijivu, na mwanamke yule alidhani ni mtu mwingine aliyekuja kushtaki. Akasogea kumpa nafasi.

"Mimi ni Sajenti Asmahani. Niambie taratibu."

Jina lake lilikuwa Loveness. Alikuwa mkuu wa mahusiano ya jamii katika Shirika la Paa Letu, ambalo hujenga nyumba za bei nafuu na kuwapangisha watu wa kipato cha chini bila kutafuta faida. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani na gari la kipaza sauti, kueleza masharti, kuitisha mikutano ya wakazi na kusikiliza malalamiko yao. Alitoka milimani, Lushoto, na hapo Tanga hakuwa na ndugu.

"Wiki iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu Usagara," alisema. "Anaitwa Shadya, mke wa Hatibu. Akasema mumewe amepata kazi Dar, wanahama. Akanipa ufunguo. Nikamshukuru, akaenda."

"Na jana?"

"Jana nikaenda kuiangalia nyumba. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Nyumba ikirudi, kabla hajapewa mtu mwingine, naingia mimi kwanza nione kilichoharibika, halafu wanakuja mafundi wa rangi. Nikafungua mlango. Afande, kila kitu kimo ndani."

"Kila kitu kama nini?"

"Kitanda kimetandikwa. Masufuria. Msahafu uko juu ya kabati. Hata mswaki wake upo. Mtu anahama akaacha mswaki?"

Asmahani alimtazama. Macho ya Loveness yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Huko mtaani wanasemaje?"

"Wanasema shirika limemla mama wa watu ili limpe nyumba mtu mwingine. Jana niliitisha mkutano. Nilipanga viti mwenyewe. Hakuja hata mmoja. Nikavikusanya tena mwenyewe."

"Una gari?"

"Lipo nje. Lile lenye vipaza sauti juu."

Asmahani alimwita Koplo Nehemia, kijana mrefu wa Kishambaa ambaye alikuwa akisubiri kuambiwa lolote ili atoke ndani. Nehemia alilitazama lile gari, akavitazama vipaza sauti viwili juu ya paa.

"Afande, upelelezi wa siri huu," alisema. "Tukifika niwatangazie kabisa?"

"Ingia nyuma."

Loveness ndiye aliyeendesha. Walishika barabara ya Pangani, wakapita maduka, kisha nyumba zikaanza kuachana na minazi ikazidi. Asmahani aliuliza maswali yake akitazama mbele.

"Huyo Shadya ulimjua kwa sura?"

"Nilimwona mara moja, siku ya kuwakabidhi nyumba. Mumewe ndiye aliyezungumza, yeye alikaa nyuma. Siku ya ufunguo alikuwa amefunika uso. Niliona macho tu."

"Na sauti?"

"Ya chini. Kama mtu mwenye haya."

"Kitu kingine ulichokiona?"

Loveness alifikiri. "Mikono. Alichorwa piko, maua mpaka hapa juu, na kucha zimekolea hina. Nilimsifu hata. Nikamwambia mikono imependeza, nani kakuchora? Hakunijibu. Akaivuta ndani ya baibui."

Asmahani aligeuka kumtazama.

Nehemia aliinamia mbele kutoka kiti cha nyuma. "Mimi ningemtafuta mume. Mume yuko Dar, mke haonekani, vitu vimeachwa. Kesi za namna hii tumeziona. Namba yake unayo?"

Loveness alimpa. Nehemia alipiga, akasikiliza. "Haipatikani," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumkamata mwizi.

* * *

Watu waliuita mtaa ule Mabati Mekundu. Nyumba zilisimama kwenye mistari iliyonyooka, zote za namna moja, kila moja na mlango wake mmoja mbele na namba yake iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Nusu yake zilikuwa bado hazijapata watu. Hazikuwa na baraza mbele wala ua nyuma. Mtu akitaka kukaa nje alikaa juani, au alikaa ndani.

Ya Shadya ilikuwa ya mwisho katika mstari wake. Baada ya hapo kulikuwa na majani tu.

Asmahani aliwaacha wenzake mlangoni, akaingia peke yake. Alisimama katikati ya chumba cha kwanza bila kugusa kitu, akageuka polepole.

Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vyote vimeoshwa na kufunikwa kwa kitambaa. Sufuria la uji lilikuwa limeota ukungu. Chini ya meza kulikuwa na jozi ya viatu vya kike. Aliinama, akapitisha kidole juu yake. Vumbi lilikuwa nene.

"Viatu hivi havijavaliwa siku nyingi," alisema kwa sauti ili Nehemia asikie. "Lakini mwenyewe alikuwa anaishi humu. Alikuwa hatoki."

"Alifungiwa?" Nehemia aliuliza kutoka mlangoni.

"Komeo liko ndani. Alikuwa akijifungia mwenyewe."

Chumbani, kioo cha ukutani kilikuwa kimegeuzwa, mgongo wake wa mbao ukitazama kitanda. Kwenye kamba kulikuwa na kaniki mbili, nyeusi, zimefuliwa mpaka zimepauka. Asmahani alifungua kasha la nguo. Kanga zake za rangi zilikuwa zimekunjwa chini kabisa, na katikati ya kanga hizo, kama kitu kilichofichwa kisimjaribu mtu, kulikuwa na chupa ya marashi na kichupa cha wanja.

Alivirudisha vilivyokuwa, akafunga kasha. Alikaa kidogo pale ukingoni mwa kitanda. Nehemia alipochungulia alimkuta anakitazama kile kioo.

"Afande? Umepata kitu?"

"Bado. Jirani wa karibu ni nani?"

* * *

Jirani wa karibu alikuwa Bertha, nyumba ya nne kutoka pale, kwa kuwa zile mbili za kati hazikuwa na watu na ya tatu ilikuwa ya mlinzi wa mitambo ya maji ambaye hulala mchana. Bertha alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni, beseni la mihogo mbele yake, anamenya ya kukaanga jioni.

"Bwana asifiwe, mama," alisema Nehemia.

"Asifiwe milele. Ila sisi ni Waroma, hatupigi kelele hivyo." Bertha hakuacha kumenya. Alimwona Loveness nyuma yao, kisu kikaenda kasi zaidi. "Aa, mama wa shirika. Leo umeleta na polisi. Tutahesabiwa tena?"

"Hatuhesabu mtu," alisema Asmahani. Alichuchumaa, akachukua muhogo mmoja, akatafuta kisu cha pili ndani ya beseni, akaanza kumenya. "Tunamtafuta mume wa Shadya. Hatibu."

"Hatibu?" Bertha alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hawatanii. "Hatibu mtamtafuta wapi? Hatibu si alikufa."

Nehemia alishusha simu yake.

"Alikufa lini?" Asmahani aliuliza.

"Mchicha wangu huu ulikuwa haujapandwa. Alikuwa utingo wa lori la katani. Lori likapinduka njia ya Muheza. Wakamzika siku ile ile, kwao Mwera."

Loveness alisogea mbele. "Mbona sikuambiwa? Nilikuwa hapa mwezi uliopita. Tulifanya mkutano!"

"Mkutano wenu ulikuwa wa taka, dada. Mliuliza taka, tukajibu taka. Kabla ya hapo mliuliza vyoo."

"Ulikwenda kumpa pole?" Asmahani alimuuliza Bertha.

"Nilikwenda, kwa nini nisiende! Tulikwenda na baba watoto, Laurenti. Kwetu msibani hamwendi mmoja, mnakwenda mtu na mumewe. Nilibeba na sahani ya mihogo. Laurenti akapiga hodi. Yule mama akajibu nyuma ya mlango, 'Samahanini, niko eda.' Basi. Hakufungua." Bertha alitupa muhogo ndani ya maji. "Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya katani, nimekulia na Wamakonde na Waha. Eda nitaijulia wapi? Nikajua ni ugonjwa wa kuambukiza. Tukaiweka sahani mlangoni, tukaondoka. Kesho yake sahani iko pale pale, imeoshwa, imefunikwa na jani la mgomba. Nikasema huyu hataki watu. Sikurudi."

"Laurenti ndiye aliyepiga hodi?"

"Ndiye."

"Eda ni kukaa ndani, Bertha. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe anakaa miezi minne na siku kumi. Hatoki bila jambo kubwa. Haonani na wanaume wasio ndugu zake. Alisikia sauti ya mwanamume, hakuweza kufungua." Asmahani aliuangalia muhogo mkononi mwake. "Ungekwenda peke yako angekufungulia."

Kisu cha Bertha kilisimama. Alitazama upande wa ile nyumba ya mwisho.

"Sasa wakati wote ule," alisema, "alikuwa ananisubiri nirudi?"

Asmahani aliutia muhogo wake ndani ya maji.

"Ulimwona akiondoka?" aliuliza.

"Nilimwona. Asubuhi, jua halijatoka. Bajaji ilisimama mlangoni kabisa. Mwanamume mwembamba akashuka, akafungua mwavuli. Mvua hakuna, jua hakuna. Akamtoa yule mama amejifunika gubigubi, akamwingiza ndani ya bajaji chini ya mwavuli, kama biharusi. Alikuwa anamwita shemeji. Mimi nikajua ule ugonjwa umezidi, anapelekwa Bombo hospitali."

"Alilia? Alipinga?"

"Alikwenda mwenyewe. Pole pole."

Asmahani aliosha mikono kwenye beseni, akasimama. Walirudi kwenye gari. Nehemia ndiye aliyeanza.

"Shemeji si ushahidi, afande. Hata mimi mke wa jirani yangu namwita shemeji."

"Kweli. Tuuache kwanza ushemeji. Tuanze na mikono." Alimgeukia Loveness. "Mwanamke aliye eda hajitii manukato, hapaki wanja, hajipambi kwa namna yoyote. Kioo chenyewe Shadya alikigeuza asijione. Wewe ulipokea ufunguo kutoka kwa mwanamke mwenye piko mpaka kwenye kiwiko na hina kwenye kucha."

Loveness alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye. Alikuwa mtu aliyechorwa karibuni, na wa kuchorwa hivyo ni mwali anayeolewa. Sasa niambie. Tangu ufunguo urudi, nani wameiomba ile nyumba?"

"Wawili. Mjane mmoja wa Usagara. Na mdogo wake Hatibu, anaitwa Zubeiri, fundi baiskeli wa Ngamiani. Yeye alikuja siku ile ile ya ufunguo, saa chache tu baadaye."

"Alisema kaka yake yuko wapi?"

"Dar." Loveness alisema neno hilo kwa taabu.

"Kaka yake amelala Mwera, na yeye lazima alikuwepo makaburini. Ameoa?"

"Alisema ndiyo kwanza ameoa. Anataka kumtoa mkewe kwenye vyumba vya kupanga."

Nehemia alipiga mluzi mdogo. "Lakini afande, kwa nini waache vitu ndani? Hata mwizi anajua kusafisha."

"Kwa sababu walikuwa wanavihamia. Kitanda kipo, masufuria yapo. Walidhani ufunguo utatoka mkono huu uingie mkono ule. Hawakujua kwamba kabla ya kumpa mtu shirika linafungua na kupaka rangi."

"Walijuaje kwamba Zubeiri atapewa yeye?"

Loveness alijibu bila kuulizwa. "Mimi ndiye niliyewaambia. Nilipita Ngamiani yote na gari hili. 'Nyumba ikirudishwa, ndugu wa mpangaji atafikiriwa kwanza.' Nilitangaza mpaka sauti ikanikauka. Habari ya rangi sikuitangaza. Nilidhani haimhusu mtu."

Aliwasha gari, likazimika. Akawasha tena.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Mtu anayemtaka mwenziwe afe hamfungulii mwavuli," alisema Asmahani. "Lakini endesha upesi."

* * *

Karakana ya Zubeiri ilikuwa mbele ya nyumba ya Kiswahili yenye mlango mpana, katika moja ya barabara zile zenye namba za Ngamiani. Rimu zilining'inia kwenye misumari. Pale barazani wazee wanne walikuwa wakinywa kahawa, na Zubeiri, mtu mwembamba mwenye grisi mpaka kwenye vifundo, alikuwa chini anatafuta tundu la mpira ndani ya karai la maji.

Gari waliliacha mbali, Loveness akabaki ndani yake.

"Wewe pita mbele," Asmahani alimwambia Nehemia. "Mweke hapo. Mwambie chochote."

"Nimwambie nini? Sina baiskeli."

"Mwambie unataka kununua."

Yeye alikata chochoro la pembeni, lile la maji machafu na magome ya nazi, akatokea nyuma. Kule ndiko wanawake wanakopita. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa tu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Msichana aliyekuwa akikuna nazi aliinuka kumtafutia mkeka. Alikuwa mdogo, hata miaka ishirini hajafika, na kanga zake zilikuwa bado ngumu za upya. Asmahani aliitazama mikono yake. Maua ya piko yalikuwa yameanza kufifia, yamebaki rangi ya moshi, lakini kucha zilikuwa bado zimekolea.

"Mwali huyu," alisema Asmahani. "Jina lako nani?"

"Sabiha." Msichana alificha tabasamu kwa kiganja. "Mke wa Zubeiri."

"Mikono imependeza. Nani kakuchora?"

"Shangazi yangu."

"Mama mmoja kule Usagara alikuuliza hivyo hivyo. Hukumjibu."

Sabiha alibaki ameinama nusu, mkeka mkononi. Kutoka mbele ya nyumba ilisikika sauti ya Nehemia akiuliza kama baiskeli ya mtu mrefu inauzwa ghali kuliko ya mtu mfupi, na wazee wakacheka.

"Mimi ni polisi, Sabiha. Kaa chini, usilie. Ulipokwenda pale ofisini ulisema wewe ni nani?"

"Zubeiri aliniambia shemeji mwenyewe ndiye aliyenituma. Kwamba yuko eda, hawezi kutoka, niende badala yake."

"Hilo silo nililouliza."

Msichana alikaa. Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilisema mimi ndiye Shadya."

"Kwa nini, kama ulitumwa tu?"

"Alisema ndiyo itakuwa rahisi. Alisema wale wa shirika hawawajui watu. Wanazijua namba za nyumba."

"Yuko wapi?"

Sabiha alionyesha kwa kidevu. Mwisho wa ua, baada ya choo, kulikuwa na stoo ya udongo. Madirisha hayakuwepo, mlango ulikuwa wa mabanzi. Nje yake kulikuwa na sahani moja, imeoshwa, imefunikwa na jani la mgomba.

Asmahani alisimama mbele ya mlango ule. Hakuusukuma.

"Hodi," alisema. "Ni mwanamke mwenzio. Niko peke yangu."

Komeo likasogea.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mpira wa matairi. Fremu za baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani mpaka darini, na mahali palipobaki palitosha jamvi. Mwanamke aliyefungua alikuwa wa makamo, mwembamba, amevaa kaniki. Alisogea pembeni ili mgeni apate pa kukanyaga.

"Wewe ndiye Shadya, mke wa marehemu Hatibu?"

"Mimi. Karibu. Sina kiti."

"Kwa nini uko hapa, Shadya? Eda inakaliwa nyumbani kwa mume."

"Nyumba wameichukua wenyewe." Aliongea kama mtu ambaye sauti yake imekaa bila kazi. "Shemeji alikwenda kuwaambia kaka yake amekufa, wakasema mpangaji ni mwanamume, mwanamume hayupo, nitoke. Akaja kunichukua asubuhi, watu wasinione. Alinifanyia hisani. Simu aliichukua, alisema mtu wa eda hana haja ya simu. Ni kweli. Hakuna aliyekuwa akinipigia."

"Na ukimaliza eda utakwenda wapi?"

Shadya alitazama jamvi. "Hilo ndilo ninalolala nalo. Wazazi wangu wamekufa. Watoto sikujaaliwa."

Asmahani aliingiza mkono ndani ya mkoba, akatoa ufunguo wenye kibao cha mbao, aliopewa na Loveness. Aliuweka juu ya kiganja cha yule mwanamke.

"Hakuna aliyekutoa. Shirika halikuwa na habari kwamba Hatibu amefariki. Zubeiri amesema uongo huku, akasema uongo kule. Nyumba ni yako. Kitanda chako kiko vile ulivyokitandika."

Shadya aliugeuza ufunguo, akausoma kibao, akaugeuza tena. Hakulia. Aliuliza, "Nani alinitafuta?"

"Mama wa shirika. Yule wa kipaza sauti."

"Hanijui."

"Hakujui. Mswaki wako ndio uliomnyima usingizi."

* * *

Barazani Zubeiri alikuwa amesimama, amekwisha kuelewa kwamba yule mrefu hanunui baiskeli. Asmahani alipotokea ndani ya nyumba, akipitia mlango wa mbele, hakumpa nafasi ya kuanza.

"Nimemkosea nini?" Zubeiri alisema kwa nguvu, ili wazee wamsikie. "Anakula, analala. Mke wa kaka yangu! Waulizeni hawa kama simtunzi."

"Anamtunza, afande," mzee mmoja alisema. "Kijana ana moyo huyu. Kamleta mjane akalie eda kwake."

"Alimtoa kwenye nyumba ya mumewe akiwa katikati ya eda, mzee wangu. Akamtuma mkewe aende na mikono ya harusi kujiita mjane, ili nyumba apewe yeye. Yule mama hajui. Amewekwa na matairi."

Mzee aliweka kikombe chake chini. Wa pili aliweka chake. Mwenye kahawa alianza kuvikusanya, ingawa birika lilikuwa bado zito.

"Si angerudi kwao tu?" Zubeiri alisema. Sasa sauti ilikuwa ya chini. "Peke yake nyumba nzima ya nini? Sisi tuko wawili."

Nehemia alimshika mkono wenye grisi, akamwongoza. Sabiha alitoka kwa mlango wa chochoroni, uso umefunikwa, akafuata nyuma yao bila kuambiwa.

* * *

Loveness alilileta gari mpaka kwenye chochoro. Asmahani aliuchukua ule mwavuli wa Zubeiri, akaufungua, na Shadya akatoka chini yake kama alivyoingia. Ndani ya gari walikuwa wanawake watatu, wakashika njia ya Mabati Mekundu.

Mlangoni, Shadya alitia ufunguo mwenyewe. Alivuka kizingiti, akagusa meza, akagusa kile kitambaa juu ya sahani. Loveness alibaki nje.

"Pole kwa msiba," alisema. "Nimechelewa sana."

"Ahsante, dada."

"Unahitaji nini? Niambie. Nitakuletea."

Shadya alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha aliyoisahau. "Mtu wa kukaa naye," alisema. Kisha akaona haya, akarudisha mlango.

Loveness aligeuka kumtazama Asmahani. Kabla hawajasema neno walisikia hatua. Bertha alikuwa anakuja kutoka nyumba yake, kigoda kichwani, sahani ya mihogo mkononi. Nyuma kabisa, mlangoni kwake, mumewe Laurenti alikuwa amesimama, amebakia palepale kama alivyoamriwa.

Bertha aliwapita wote wawili bila salamu. Alishusha kigoda.

"Hodi," aliuambia mlango. "Ni Bertha wa mihogo. Nimekuja peke yangu."

Komeo lilisogea.

Waliporudi garini Loveness hakuliwasha mara moja. Alifuta kioo cha mbele kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nikupeleke wapi, afande?"

"Kota za polisi."

"Namba ngapi?"

Asmahani aligeuza uso, akamwangalia. Loveness alishtuka, akaona alichokisema.

"Samahani," alisema. "Unakaa na nani?"

Nyuma yao, kupitia dirishani, Bertha alikuwa amekwisha kuanza kusimulia kitu kirefu.

"Na redio," alisema Asmahani.

Loveness alitikisa kichwa taratibu, akawasha gari, na badala ya kukata kwenda mjini, akauliza kama afande amekula.